Bibi Radjabu Hafukuzi Wageni

Habari kwamba ukoo wa Radjabu umepata mzimu ilimfikia Jamila akiwa amebeba sufuria ya pilau, na kama si mikono yake kuzoea vitu vizito, pilau ile ingeishia sakafuni.

Ilikuwa Jumapili mchana huko Ganshoren, mjini Brussels, katika ukumbi ambao akina mama wa Bujumbura hukodi wanapokuwa na shughuli. Siku hiyo walikuwa na akika ya mjukuu wa mmoja wao. Watoto walikuwa wanateleza sakafuni kwa soksi, udi ulikuwa unafuka, na Mama Rayan alikuwa amekaa pale anapokaa siku zote, yaani mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuingia wala kutoka bila kupitia mbele ya macho yake.

"Bi Jamila, hongera!" aliita kutoka upande wa pili, kwa sauti ya mtu anayetaka wote wasikie lakini asilaumiwe kwamba amepiga kelele. "Nasikia marehemu wenu wamerudi."

"Marehemu gani?"

"Mimi nitajuaje? Rayan wangu ameona kwenye simu. Tangazo la mchezo, nyumba ya mizimu, na mzimu mwenyewe anaitwa Bibi Radjabu. Nikamwambia, mwanangu, akina Radjabu ni wengi duniani. Akanionyesha jina la aliyeutunga. Tasnim Radjabu. Basi nikanyamaza."

Mama Rayan hakuwa amenyamaza. Hilo lilionekana wazi kwenye nyuso za akina mama, jinsi walivyoanza wote kwa pamoja kupanga vijiko ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Jamila aliiweka sufuria mezani polepole, akarudisha mfuniko vizuri, akafuta mikono. Alikuwa mwanamke wa kujibu, lakini alikuwa na kanuni moja, kwamba hajibu jambo ambalo hajalisoma.

"Nitauliza nyumbani kwangu," alisema. "Wewe kula, Mama Rayan. Mdomo ukipata chakula hupumzika."

Wakacheka, ila Jamila alisikia kwamba kicheko kile hakikuwa chake chote.

Inafaa msomaji ajue huyu Jamila ni nani. Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao watu wake huamka kwa Kiswahili na kulala kwa Kiswahili, akasoma mpaka chuo cha ualimu wakati ambapo wasichana wa rika lake walikuwa wakiulizwa wanasoma ili wampikie nani. Aliolewa na Mwalimu Abdul-Aziz Radjabu, mtu wa hisabati na fulana nyeupe zilizopigwa pasi. Vita vilipowatoa kwao walifika Brussels na masanduku machache na vyeti vingi, na Brussels ikawapokea wao, si vyeti vyao. Mwalimu akawa mlinzi wa maegesho ya magari, akavaa tai chini ya sare ambayo haikudai tai. Jamila akaajiriwa kugawa chakula wodini katika hospitali kubwa ya Jette, na hadi leo wagonjwa wanaoikataa supu kwa manesi huimaliza mbele yake, kwa sababu ana jicho la mwalimu wa zamu. Mwalimu alipofariki, watu walitoka Antwerp na Liège kuja kumzika. Hakuacha nyumba wala gari. Aliacha jina, na jina hilo Jamila aliliandikisha kwenye kibati cha shaba mlangoni, akawa analing'arisha kwa kitambaa kila Ijumaa. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Yeye aliona haidhuru likisaidiwa kidogo.

Sasa alisimama kwenye korido ya ukumbi, katikati ya makoti ya watu, simu sikioni.

"Tasnim. Umelipeleka wapi jina la baba yako?"

"Maman? Bon, niko ndani ya tramu, nitakupigia..."

"Nimeuliza jina liko wapi."

"Ah. Umeona tangazo."

"Sikuona. Nimeonyeshwa. Kuna tofauti kubwa kati ya hayo mawili, na tofauti hiyo inaitwa Mama Rayan."

Tasnim ndiye mtoto wake wa mwisho, aliyezaliwa hukuhuku, mwenye akili ya baba yake na haraka ambayo hakuna mtu aliyejua ameirithi kwa nani. Alikuwa akifanya kazi na wenzake wawili kutengeneza michezo ya kompyuta, kazi ambayo Jamila alikuwa amewaeleza watu kwa miaka kuwa ni "mambo ya hesabu".

"Ni mchezo tu, Maman. Mtu anaingia katika nyumba ya zamani, ana taa na kidude cha kupima baridi. Mzimu ukisogea, baridi inazidi. Anatafuta funguo, anafumbua mafumbo chumba baada ya chumba, mpaka ajue aliyekufa mle alikuwa nani. Ni kama mtihani. Wewe utaupenda!"

"Na aliyekufa ni bibi yako?"

"Non! Nilihitaji jina. Nilikuwa na haraka, nikaandika la kwetu, nikasema nitalibadilisha kesho. Halafu tangazo likatoka."

"Na huyo Bibi Radjabu anafanya kazi gani mle ndani?"

"Anafukuza watu."

"Watu gani?"

"Wanaoingia."

"Wageni?"

"Donc... ukipenda kuwaita hivyo, ndiyo. Wageni."

Jamila alilazimika kuegemea koti la mtu. Mzimu angeweza kuuvumilia. Mtu aliyesoma anajua kwamba mizimu ni hadithi, na aliyekufa ana hesabu yake kwa Mola, hana nafasi ya kukimbizana na vijana kwenye ngazi. Lakini Radjabu anayefukuza wageni! Buyenzi nzima ilijua kwamba hata mwizi aliyekamatwa uani kwa mzee Radjabu, baba yake Mwalimu, alipewa chai kwanza, ndipo akapelekwa polisi, na inasemekana huko polisi aliomba radhi zaidi kwa ajili ya chai kuliko kwa ajili ya baiskeli aliyotaka kuiba. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa watu wengine hii ni methali. Kwa akina Radjabu ilikuwa ni sheria.

"Jina libadilishwe."

"Maman, limeshaenda kila mahali. Mwezi ujao tuna maonyesho, pale Porte de Namur. Tukibadilisha sasa tumekwisha."

Jamila alivuta pumzi. Kutoka ukumbini alisikia sauti ya Mama Rayan ikipanda, ikifuatwa na "Ee!" ya watu wengi.

"Nani anasema maneno ya huyo mzimu?"

"Bado. Tunatafuta mama mtu mzima, mwenye sauti."

"Msitafute," alisema Jamila. "Kama mzimu umechukua jina letu, utachukua na adabu zetu. Nitakuja kuusimamia mwenyewe."

Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la nywele, hatua chache kutoka Chaussée d'Ixelles, na ngazi zilinukia mafuta ya nazi mpaka mlangoni. Mle ndani walikuwa watatu: Tasnim aliyetunga hadithi na mafumbo, Myriam aliyechora na kuandika maneno ya Kifaransa yanayopita chini ya picha, binti mpole asiyejua neno la Kiswahili zaidi ya "asante", na Éliézer, kijana wa Butembo mwenye Kiswahili cha kwao Kongo, fundi wa sauti, aliyempokea Jamila kwa mikono miwili.

"Maman Jamila, karibu, karibu. Kiti iko hapa. Maji iko hapa. Usiogope machine, yenyewe njo inakuogopa."

Alimwingiza katika chumba kidogo ambacho kuta zake zilikuwa za sponji, isipokuwa dirisha moja la kioo. Jamila aliona ni kama kuingia ndani ya godoro. Akavaa miwani, akasoma karatasi aliyopewa toka juu hadi chini, akaomba kalamu, akasahihisha makosa ya tahajia, ndipo akasema yuko tayari.

"Ile ya kwanza, Maman," alisema Éliézer kutoka upande wa pili wa kioo. "Toka! Na kasirani. Kasirani mingi."

Jamila akasogelea maikrofoni. Hii ilikuwa sauti iliyowahi kunyamazisha darasa zima bila kuinua rula. Akajaza kifua. Akafungua kinywa.

"To..." alianza. Akakohoa. Akanywa maji. "Tokeni basi, wanangu. Mkipata nafasi."

Éliézer alimtazama Tasnim. Tasnim alitazama dari.

"Ni muzuri, Maman, ni muzuri sana. Lakini sikia. Hawa bantu banaingia kwako bila ruhusa. Ni kama bezi. Ukasirike kidogo tu."

"Walibisha hodi?"

"Hapana. Mulango ilikuwa wazi."

"Basi kosa ni la aliyeuacha wazi. Tuendelee."

Wakaendelea. Mstari wa pili ulisema: Ondokeni nyumbani kwangu, la sivyo mtakufa! Jamila alianza vizuri kabisa. "Ondokeni" yake ilitikisa glasi ya maji, Éliézer akainua dole gumba, Tasnim akakunja ngumi kwa furaha. Kisha ikafuata pumzi ndefu ya mtu anayepigana na damu yake mwenyewe, na sauti ile ikamalizia, laini kama siagi: "... nyumbani kwangu, mkishamaliza kula."

"Maman!" Tasnim alipiga kioo. "Hakuna chakula kwenye hadithi!"

"Ndiyo maana amekuwa mzimu."

Éliézer alicheka mpaka hedifoni zikamtoka kichwani. Wakarudia, ikawa vilevile. Wakarudia tena, ikawa mbaya zaidi, maana safari hii mzimu uliwauliza wageni wametoka mbali kiasi gani na kama mama zao hawajambo. Tasnim akaingia kwenye chumba cha sponji, akachuchumaa mbele ya mama yake.

"Maman, nakuomba. Nimewaahidi wenzangu. Sema tu toka. Neno moja."

"Nimejaribu, mwanangu. Halitoki. Unafikiri nafanya makusudi? Ni kama kuniambia nipige chafya."

Basi Myriam, aliyekuwa akisikiliza bila kuelewa, akaleta kompyuta yake ili angalau wamwonyeshe mama nyumba yenyewe, pengine akiiona ataingiwa na hasira. Jamila akatazama. Nyumba ndefu nyembamba, kama zilivyo za mji huu, ngazi zinazojipinda, mapazia mekundu. Kisha chumba cha chakula, na meza ndefu, na viti pande zote.

"Huyu mama aliishi na nani?"

"Peke yake," alisema Tasnim.

"Na viti hivi vyote?"

Tasnim akamuuliza Myriam. Myriam akasema alivichora kwa ajili ya uzuri tu.

"Hakuna mwanamke anayenunua viti vyote hivi kwa ajili ya uzuri," alisema Jamila. Akavua miwani. "Huyu alikuwa anangoja watu. Alipanga meza, akangoja, hawakuja. Mji huu kila mtu na mlango wake, na kengele yake, na pazia lake. Akafa anangoja. Leo mlango umefunguka, watu wameingia wenyewe kwa miguu yao, na ninyi mnataka awaambie toka? Ana wazimu? Mimi ningekuwa yeye ningewakimbilia! Ningewafungia mlango wasitoke kabla hawajala!"

Éliézer aliegemea kioo.

"Attends, ngojeni," alisema polepole. "Kumbe anabakimbiza ili bakule."

Tasnim alimtazama, akamtazama mama yake, akatazama viti. Kisha akaruka juu kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa.

Kilichorekodiwa baada ya hapo hakikuandikwa na mtu. Tasnim alijifanya mgeni, akawa anakimbia ndani ya kile chumba cha godoro, na mama yake nyuma, mtandio umeteleza mabegani, sinia la kufikirika mikononi. "Karibu! Karibuni, karibuni ndani! Jamani, mnakwenda wapi? Bado kula! Bado kula!" Éliézer alikuwa analia machozi huku akishika vitufe vyake. Na Jamila, mjane wa Mwalimu, mama wa watu, alijigonga kwenye sponji, akapepesuka, akacheka hadi akashika mbavu. Alishangaa kusikia kicheko kile. Kilikuwa cha msichana wa Buyenzi aliyemfahamu zamani.

Tasnim akabadilisha fumbo. Anayekimbia, Bibi atamfuata nyumba nzima. Anayeketi mezani akala, Bibi atampa ufunguo wa mlango unaofuata. Myriam akachukua maneno yote ya Kiswahili ayafanyie Kifaransa chake, na kwa kuwa Tasnim alikuwa na haraka, hakuna mtu aliyeyapitia.

Mama Rayan, kwa upande wake, hakukaa bure mwezi ule. Kufikia siku ya maonyesho ilikuwa inasemwa hadi Molenbeek kwamba Mwalimu hakuzikwa vizuri, ndiyo maana. Jamila alipoulizwa alijibu neno moja kwa wote: "Njooni muone." Alilisema kwa shingo ndefu. Lakini asubuhi ile, akivaa kitenge chake kizuri kuliko vyote mbele ya kioo, alilikosea fundo mara mbili. Kama leo watu wangecheka vibaya, asingekuwa na uso wa kuingia tena katika ukumbi wa Ganshoren, na mwanawe angeolewa na kuzaa na kuzeeka akiitwa binti wa mzimu.

Ukumbi wa maonyesho ulijaa skrini na vijana. Jamila aliketi nyuma ya meza ya Tasnim kama mama wa bibi harusi. Mchezaji wa kwanza alikuwa mwanafunzi mwenye ndevu, mpana kama kabati. Alishika manette, kile kishikizo cha kuchezea, akaingia katika nyumba ya giza huku anatabasamu. Kidude cha baridi kikaanza kulia. Pazia likatikisika. Bibi Radjabu akatokea, mrefu, mweupe, mikono wazi.

"Karibu!" ilisema sauti ya Jamila kutoka kwenye spika. "Karibuni!"

Kabati likapiga ukelele. Akageuka, akakimbia, akapanda ngazi, akaanguka, Bibi nyuma yake: "Jamani, mnakwenda wapi? Bado kula! Bado kula!" Jamaa akaitupa manette mezani, akashika moyo.

Akaja wa pili, akakimbia. Wakaja wasichana wawili, wakakimbia wamekumbatiana. Hakuna aliyeketi. Hakuna aliyegusa chakula. Éliézer akaanza kula kucha, na Tasnim alikuwa anarudia kimoyomoyo, "Kaeni tu, kaeni tu, mbona hawakai?"

Ndipo Jamila akavaa miwani, akasoma yale maneno ya Kifaransa yaliyokuwa yanapita chini ya skrini. Akayasoma tena, kwa sababu alikuwa na kanuni. Pale Bibi aliposema "Karibu", Kifaransa kilisema: Nipo karibu. Aliposema "Karibuni", kilisema: Karibu kabisa nawe. Na pale alipowabembeleza kwa "Bado kula", kilisema, kwa herufi nyekundu: Bado sijala.

"Tasnim!" Ilikuwa ile sauti ya darasani, na meza za jirani zikanyamaza. "Nani ameandika kwamba ukoo wetu unakula watu?"

Myriam akawa mwekundu kama zile herufi. Alikuwa amefungua kamusi, masikini. Kamusi ilimwambia karibu ni kinyume cha mbali, na kamusi haikusema uongo. Na "bado kula" haikuwa na mwenyewe, hakujua nani hajala, basi akaona ni mzimu.

Wakati huohuo, kwa ile bahati ambayo watu wa aina yake huzaliwa nayo, Mama Rayan akaingia na msafara wa akina mama nyuma yake. Akasimama mbele ya skrini. Akasoma. Uso wake ukachanua.

"Bi Jamila, jamani! Kumbe si kurudi tu. Wanarudi na njaa!"

Tasnim akanyoosha mkono kuzima mashine. Jamila alikuwa na jibu, alikuwa na majibu mengi, yote makali. Lakini mbele yake alisimama mtu aliyetoka kwake mpaka hapa, amesimama, hana kiti. Mwili wake ukafanya unachokijua kabla akili haijauliza. Akainuka kwenye kiti chake mwenyewe, akakigeuza.

"Karibu, Mama Rayan. Kaa."

Naye Mama Rayan, ambaye hakuwahi kukataa kiti maishani, akaketi. Éliézer akampa manette, akamwonyesha vitufe.

"Hiki cha kutembea? Hiki cha kukaa? Haya, ngoja niwaone hao wala watu." Akafika mlango wa nyumba ya giza, akasimama. "Mbona hakuna kitufe cha hodi?"

"Haiko, Maman."

"Nyumba gani haina hodi?" Akaisogelea skrini, akaita kwa sauti yote aliyojaliwa: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Akaingia. Baridi ikapanda, kidude kikalia, pazia likatikisika, Bibi Radjabu akatoka gizani na mikono yake wazi. Chini, kwa Kifaransa: Nipo karibu. Lakini nani angesoma Kifaransa wakati anaongeleshwa lugha ya mama yake?

"Karibu! Karibuni ndani!"

"Asante, tumeshakaribia," alijibu Mama Rayan bila kufikiri, akabonyeza kitufe, akaketi mezani.

Muziki ukabadilika. Taa za mle ndani zikawaka moja baada ya nyingine. Vile viti vyote vikaonekana, na Bibi akaja na sinia, akalitua mbele ya mgeni wake.

"Kula, mwanangu. Umekonda."

Mama Rayan alishusha manette. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu yeyote amwambie amekonda. "Mmesikia?" aliwageukia wenzake, macho yanang'aa. "Yeye ameona! Nyinyi kila siku mpo na mimi, hamjaona!"

Akala. Ufunguo ukadondoka kwenye sahani, mlango wa ghorofa ya chini ukafunguka kwa kishindo, na akina mama wakapiga vigelegele hadi walinzi wakaja kuangalia kama kuna usalama. Yule kijana mwenye ndevu alirudi mbio. Alitaka kujua amefanyaje.

"Mon fils," Mama Rayan alimwita mwanangu kwa Kifaransa, akimshika mkono kama mpwa wake, "mtu akikukaribisha, unakaa. Unasema asante. Unakula. Wewe ulikuwa unakimbilia wapi na mwili wote huo?"

Basi ikawa sherehe. Mama Rayan alikataa kuondoka kwenye meza, akawa mwalimu wa kila anayekuja. Mstari ulifika hadi kwenye mlango, na mstari mzima ulikuwa unajifunza: mmoja anasema karibu, mwenzake anajibu asante, wanacheka, wanasema tena. Watu walikuwa wanaingia kwenye ile nyumba ya giza wakiita "Odi! Odi!" na Bibi Radjabu akiwapokea wote.

Éliézer akamvuta Jamila kando. "Maman, minakuomba. Ile Kifaransa ya Myriam, tuiache vile. Bantu bakimbie kwanza, nyuma njo bajue. Fumbo lenyewe njo lile!"

"Tuiache imeandikwa kwamba Radjabu hajala, anatafuta mtu?"

Aliona wazi kwamba kijana alikuwa na hoja. Aliona pia, moyoni, kile kibati cha shaba cha mlangoni kwake. Lakini kabla hajajibu, Mama Rayan, ambaye masikio yake hayakuwahi kuchukua likizo, alisema bila kugeuza kichwa:

"Acha, Bi Jamila. Mtu asiyejua kukaribishwa huona kila mwenyeji anataka kumla. Aibu hiyo ni yao. Na mimi nitasema kila nitakapokaa, kwamba nyumba ile hata wafu wake wanakaribisha watu." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini aliyokuwa haijui vizuri: "Mwalimu alikuwa hivyo. Nilipofika nchi hii, kwake ndiko nilikokula mara ya kwanza."

Jamila alitengeneza mtandio wake, akautengeneza tena.

"Iachwe," alimwambia Éliézer. "Lakini mtu akishaketi tu, Kifaransa kiseme kweli. Aombwe radhi kwa kutishwa."

"Promis, Maman."

Akageuka kuiangalia skrini kwa utulivu, kwa mara ya kwanza siku ile. Mgeni mwingine alikuwa ameketi mezani, Bibi Radjabu alikuwa anatua sinia, na sahani ikaonekana kwa karibu, ikaijaza skrini. Jamila akavaa miwani. Akainama. Uso ukambadilika.

"Myriam. Hiki ni nini?"

Tasnim akatafsiri. Myriam akasema ni wali, kwa kweli ni pilau, aliambiwa achore pilau.

"Naona. Nauliza nani ameupika." Kidole kiligusa kioo. "Mchele umeshikana kama udongo. Nyama iko wapi? Na rangi hii, ni pilau au ni karatasi? Ulimwengu mzima utakuja kuketi kwenye meza ya Radjabu, na hiki ndicho tunachowapa?"

Mama Rayan akasogeza kichwa chake kando ya kichwa cha Jamila. Wakatazama pamoja.

"Ni kweli," alisema Mama Rayan. "Mimi nilikula kwa heshima tu."

"Mwambie Jumamosi aje kwangu Jette na kalamu zake," Jamila alimwagiza Tasnim, huku akiwa tayari anahesabu moyoni vitunguu na bizari. "Na mwambie asije ameshiba."